Vifuko vya Chai Katika Droo za Chini

Chelangat, funguo nilizokuachia ni kumi na moja, na tatu kati yake hazifungui chochote. Nilizikuta kwenye pete hiyohiyo nilipoingia shule hii, na aliyenitangulia naye alizikuta. Usizitupe. Siku utakayozitupa ndiyo siku mlango wake utapatikana.

Uliniomba nikuandikie jinsi nilivyopanga vipuri vya roboti, kwa sababu wewe ni mgeni katika maabara hiyo na kabati lina droo nyingi kuliko subira ya mtu wa siku hizi. Nimekubali, maana tangu nistaafu asubuhi zimekuwa ndefu na ng'ombe wangu ni mmoja tu. Lakini siwezi kueleza habari za kabati nikamwacha Mama Chebet, msafishaji, aliyeondolewa humo na kupelekwa jikoni kwenye moshi kwa sababu ya jambo nililolifanya mimi na kulinyamazia. Nitafika huko. Acha nianze mwanzo, kama nilivyofunzwa.

Nilianza kazi katika shule moja upande wa Merigi, nikiwa kijana mwembamba wa Kikisii aliyezaliwa kambi ya wachuma chai huku Kericho na ambaye Kisii alikuwa akienda kwa mazishi tu. Fundi wa maabara pale alikuwa Mzee Koros. Kabla ya shule alikuwa mtunza stoo katika karakana ya shamba la chai, na stoo haikumtoka. Siku yangu ya kwanza sikuonyeshwa hadubini wala asidi. Nilipewa katoni ya vizibo vya mpira, vya kila ukubwa, nikaambiwa nivipange hadi saa nane. Saa nane alikuja, akavitazama, akavirudisha vyote ndani ya katoni, akaitikisa. Akasema sasa nivipange tena, lakini nimfikirie mtu anayekuja akikimbia kutafuta kimoja tu. Mara ya pili nilivipanga vizuri zaidi, na nikamchukia kwa muda wa wiki moja hivi.

Mzee Koros alikuwa na kanuni tatu, na nimeishi nazo miaka yote. Ya kwanza, kitu kisicho na kwao kimeshapotea, hata kama umekishika mkononi. Ya pili, usiamini lebo peke yake. Bandika mfano wa kitu nje ya kopo ili hata asiyejua kusoma ajue ndani kuna nini. Ya tatu ilihusu daftari la stoo. Ukikosea, usifute na usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba, kosa lenyewe lisomeke, kisha andika ukweli kando yake na utie sahihi. Alisema daftari lisilo na makosa ni la mwongo au la mtu ambaye hajaanza kazi.

Kanuni ya pili niliielewa kwa njia ngumu. Mwaka wangu wa pili niliishiwa gundi nikabandika lebo za chupa kwa uji wa unga wa ngano. Mende wa Merigi walifurahi sana. Tulifungua shule tukakuta chupa kumi na nne za maji meupe yasiyo na majina, na kati ya hizo mbili zingeweza kumtoboa mtu kidole. Mzee Koros hakunigombeza. Aliniachia chupa zote, akaniletea kitabu na kiti, akaenda kunywa chai. Ilinichukua siku tatu kuzitambua, na tangu hapo sijawahi kubandika kitu kwa chakula.

Baadaye nilihamishiwa huku Kimulot. Unaijua hali ya hewa, huhitaji kuambiwa. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Mau asubuhi, unapumzika juu ya chai, mchana inanyesha, na jioni nguo ulizoanika zinarudi ndani zikiwa nzito kuliko ulivyozitoa. Katika maabara hali hiyo ina jina moja tu, nalo ni kutu. Vibanio vilishika kutu, misumari ya mbao za zana ilishika kutu, na mizani ilikuwa inapima unyevu kwanza ndipo ipime kitu. Nilipaka mafuta, nikafunika, nikapaka tena. Sehemu kubwa ya kazi yangu katika shule hii, ukitoa maneno mazuri, ilikuwa kupangusa.

Halafu zikaja roboti. Nilikuwa nimebakiza kama miaka minne kustaafu, na nilitarajia kuimaliza kwa amani. Wageni fulani waliitolea shule yetu masanduku sita ya vipuri vya kujengea, ili wasichana waunde mashine za kujiendesha baada ya masomo, Jumatano na Jumamosi. Yalikuwa na mota, gia, ekseli za chuma, beringi ndogo kama punje za mahindi, sensa za kuhisi rangi, nyaya, na kile kidude chenye swichi ambacho wasichana walikiita ubongo. Kila sanduku lilikuja limepangwa vizuri katika mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilidumu Jumatano moja.

Nilipoingia Alhamisi, meza zote nne zilikuwa kama sakafu ya kinyozi. Mwalimu wa klabu, kijana mwenye bidii ambaye sasa amehamia kwingine, aliamua tupange kwa rangi, kwa sababu rangi zinapendeza kwenye picha. Tukapanga kwa rangi. Picha zilipendeza. Lakini hakuna mjenzi anayetafuta kitu cha buluu. Anatafuta gia ya meno arubaini, na gia ya meno arubaini ilikuwa na rangi tatu katika makopo matatu. Baada ya muhula mmoja nilimwomba mwalimu aniachie kabati, naye alinipa kwa furaha ya mtu anayetuliwa gunia.

Nakuandikia sasa mpangilio wenyewe. Panga kwa kazi kwanza, kisha kwa ukubwa, na rangi uisahau. Kinachozunguka kikae na vinavyozunguka: gia, magurudumu, beringi. Gia zipange kwa idadi ya meno, na uhesabu wewe mwenyewe kila mwisho wa muhula, maana gia ya meno thelathini na sita na ile ya arubaini zinafanana kama mapacha, na roboti haitakuambia umechanganya, itakwenda tu kombo. Beringi na nati zinakaa vizuri kwenye trei za mayai zilizokatwa. Skrubu usizikisie kwa jicho: kwenye ukingo wa meza yangu, upande wa dirisha, utaona mistari mitatu niliyoichora kwa wembe, ya milimita nane, kumi na kumi na mbili. Nyaya zitundike kwenye misumari kwa urefu wake. Ukizikunja sana zinavunjika ndani, na nje zinaonekana nzima, kama baadhi ya watu. Betri zisikae na chochote, ziweke peke yake kwenye bati lenye mchanga, mbali na mapazia. Na kitu chochote unachokishuku usikirudishe kwao. Kipeleke kwenye kopo la hospitali, pamoja na kikaratasi kinachosema kilifanya nini. Mota mbovu iliyorudishwa droo ya mota nzima itawaharibia watu wanne Jumamosi nne.

Makopo ni ya maziwa ya unga, yaliyooshwa, na nje ya kila kopo nimebandika kimoja cha kilicho ndani. Hiyo ni ya Mzee Koros.

Mama Chebet aliyajua makopo hayo kuliko mimi. Alikuwa mama wa makamo wa hapahapa Kimulot, mwenye shamba dogo la chai, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha kuchekecha cha kiwanda kimoja. Vumbi la chai lilimharibu kifua. Daktari wa Longisa alimwambia wazi kwamba akae mbali na vumbi na moshi kama anataka kuwalea watoto wake hadi mwisho. Ndiyo maana alitafuta kazi ya kusafisha maabara, ambapo hakuna moshi na vumbi unalishinda kwa kitambaa chenye maji kidogo. Alikuwa kibarua, bodi ilimwandika upya kila muhula. Nafasi ile kwake haikuwa kazi tu, ilikuwa pumzi. Hilo nililijua tangu mwanzo, kwa sababu aliniambia mwenyewe.

Alipiga deki kwa kitambaa alichokikamua hadi kikakaribia kukauka. Kila kipuri alichokipata chini ya meza alikiweka kwenye mfuniko juu ya meza yangu, na baada ya muda akaacha kuniletea. Akawa anakitazama, anatazama makopo, anakirudisha kwao. Sikumfunza. Siku moja nilimjaribu kwa skrubu mbili, ya nane na ya kumi, akazipeleka kwenye mistari ya meza bila kusema kitu, akaziweka mahali pake, akaendelea kufagia. Mwaka mzima hatukupoteza hata nati moja, na mimi ndiye niliyesifiwa.

Sasa tunafika kwenye chai.

Ule unyevu ulikuwa unanitia wasiwasi. Ekseli zilianza kupata madoa, na beringi mbili zikawa nzito. Nikakumbuka kambini. Mimi ni mtoto wa kambi, na kila mtoto wa kambi anajua kwamba majani makavu ya chai yanavuta maji na harufu. Baba yangu alitia konzi moja katika viatu vyake vya kanisani. Mama alishona kifuko cha majani akakiweka katikati ya nguo za Jumapili ndani ya sanduku, na nguo zilitoka kavu zikinukia vizuri. Basi Januari, wakati wa kiangazi, nilikata shuka kuukuu, nikashona vifuko ishirini na vinne, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, nikavijaza majani ya chai kutoka dukani, nikaviweka ndani ya droo. Droo za chini, zilizo karibu na sakafu ya saruji, niliziwekea vingi zaidi. Nilijiona nimegundua kitu. Ekseli zilikaa kavu ziking'aa hadi Machi, na nilikuwa nikifungua droo bila sababu, ili nizitazame tu.

Mama Chebet aliviona vifuko siku ya pili. Alichukua kimoja, akakinusa, akakibonyeza kwa kidole gumba kama wafanyavyo watu wa kiwandani.

"Mwalimu, hii majani inakunywa maji," alisema. Aliniita mwalimu ingawa mimi si mwalimu.

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi niliyoipa, inywe maji.

"Kule factory tulikuwa tunaifunga haraka. Ikikaa wazi inashiba. Ikishiba inarudisha."

Nilitabasamu. Nilikuwa na cheti changu ukutani na yeye alikuwa ameshika ufagio, na sitajificha nyuma ya maneno mengine: ndivyo nilivyopima ushauri ule. Nikasema tutaona. Akarudisha kifuko ndani ya droo, akaifunga taratibu.

Mvua ya masika ilikuja ikakaa. Mwezi wa nne na wa tano hatukuliona jua siku mbili mfululizo. Mama yangu alikuwa akikausha kile kifuko chake juani kila baada ya kanisa, nami nililikumbuka hilo baadaye sana. Mtu huiga mama yake nusu, kisha analaumu chai. Vifuko vyangu vilishiba. Chai iliyoshiba ikilala juu ya chuma haikaushi tena, inalowesha, na ule ukali uliomo kwenye majani unakipaka chuma rangi nyeusi kama wino. Mimi nilikuwa fundi wa maabara. Nilikuwa nimewaandalia wanafunzi jaribio la aina hiyohiyo kwenye mirija ya kioo mara nyingi, chuma na chai, wakashangilia weusi ule. Sikuunganisha mambo. Wakati huo tulikuwa kwenye mitihani ya katikati ya muhula, na droo za chini sikuzifungua kwa wiki sita.

Ijumaa moja waliokuja kuutazama mradi walikuwa wageni walewale waliotupa masanduku. Wasichana walikuwa wameunda roboti ya kuchambua kadi za kijani na nyekundu, na asubuhi hiyohiyo wakaongeza mkono wa pili kwa ekseli na beringi za droo za chini, kwa haraka, bila kuzitazama. Baada ya maombi na hotuba mbili, roboti ilipiga nusu duara, ikaguna, ikasimama. Waliigusa, ikaguna tena. Msichana aliyekuwa ameshika ubongo wa roboti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alisimama kando yake akitazama viatu vyake. Wageni walipiga makofi ya adabu. Mwalimu mkuu wa wakati huo alinitazama juu ya vichwa vya watu na kusema Jumatatu asubuhi atakuja kuona kabati mwenyewe.

Nilifungua droo ya chini mchana ule na nikajua kila kitu kwa pumzi moja. Ilikuwa inanuka chai ya jana. Ningevitoa vifuko palepale, lakini wageni walikuwa wakizunguka, na jioni ile nilitakiwa kuondoka kwenda Kisii kumzika shangazi. Nilifunga droo nikasema nitawahi Jumatatu. Nilikuwa nimebakiza mihula michache. Jina langu lote katika shule ile lilikuwa utunzaji wa vitu. Sikuwa na jingine.

Jumatatu niliwahi kweli. Nilifungua droo moja baada ya nyingine na hakukuwa na kifuko hata kimoja. Nilidhani wasichana walivitupa Jumamosi kama takataka, na nilimshukuru Mungu. Hilo nalo naliandika, kwa sababu lilitokea.

Mwalimu mkuu akaja. Akatazama vipuri vyeusi, akaona vya chini ndivyo vibaya zaidi na vya juu vina nafuu, akatazama sakafu ambayo ilikuwa bado na unyevu wa asubuhi. Akauliza nani anapiga deki humu. Nikamtaja. Akasema basi, ni maji ya deki, mtu anamwaga ndoo kama anaosha gari. Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi. Alinitazama. Hakumtazama mwalimu mkuu hata mara moja, alinitazama mimi, na alingoja kwa muda ambao bado naweza kuupima. Mimi nikatazama droo.

Nikaambiwa niandike kwenye daftari la stoo. Nikaandika: ekseli kumi na tisa, beringi thelathini na moja, skrubu zisizohesabika, chanzo, maji ya kupiga deki. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu alikuwa akisema hivyo. Kwa mdomo sikusema uongo. Niliuandika tu, nikatia sahihi.

Bodi haikumfukuza. Walisema wamemhurumia, wakampeleka jikoni kuosha masufuria na kuchochea kuni. Jikoni la shule yetu unalijua. Moshi unatoka mlangoni kwa sababu bomba limeziba tangu zamani. Nilikuwa nikipita pale kwenda kuchukua chai ya saa nne na nilikuwa nikisikia kikohozi chake kabla sijamwona. Muhula wa kwanza kilikuwa kikavu. Kufikia muhula wa tatu kilikuwa kinamwinamisha. Alilazwa Longisa wiki moja, nikakusanya mchango wa walimu wote, nikaupeleka mimi mwenyewe wodini, akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu, naye ni mtu anayeniuliza.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza katika hizi asubuhi zangu ndefu. Wiki ya kwanza ilikuwa woga. Baada ya hapo ilikuwa kwamba ningelazimika kueleza pia zile wiki zilizopita, na kila wiki iliongeza mzigo. Yule mwalimu kijana wa klabu akahamishwa, mwalimu mkuu akahamishwa, akaja huyu mama mliye naye sasa. Hakuna aliyebaki wa kuniuliza. Nilisafisha zile ekseli kwa siki na msasa, nyingi zilipona, na watu wakanisifu tena.

Ndipo ukaja wewe. Utakumbuka wiki yetu ya kukabidhiana, tulipofika rafu ya juu yenye makopo ya akiba. Ulikuwa unasoma na mimi ninaandika. Ulifika kopo la sita kutoka dirishani ukaniuliza, "Na hili la vifuko ni la nini, Mzee?"

Kopo halikufichwa. Lilikuwa kwenye mstari pamoja na mengine, limegeuzwa sawasawa, na nje yake kulikuwa kumebandikwa kifuko kimoja cha shuka, upande mmoja mweusi. Nililipita mihula mitano bila kulitazama sawasawa. Kama mtu angeniuliza ningesema ni la vitambaa vya kufutia lenzi. Mfuniko ulikuwa umezungushiwa utepe wa gundi mara tatu. Nilikuambia nitalishughulikia, ukaendelea na kopo la saba.

Ulipotoka nililifungua. Vilikuwa ishirini na vitatu ndani na kimoja nje. Vilikuwa vikavu kabisa. Vilikuwa vimekaushwa kwenye moto kwanza, kisha vikafungwa haraka, na baada ya karibu miaka miwili ya ukungu wa Kimulot majani yalikuwa yanachakarika ndani ya kitambaa kama ya kutoka kiwandani jana.

Nilikwenda jikoni nikiwa na kopo kwapani. Alikuwa nje ya mlango, amekaa juu ya ndoo, akipumzika kutoka kwenye moshi.

"Umepata," alisema.

Nikamwuliza kama ni yeye aliyeviondoa.

"Ni mimi. Ile Jumamosi. Niliona principal atavipata, na wewe uko matanga."

"Mbona hukumwambia?"

Alikohoa kwanza, akangoja kikohozi kiishe. "Ningesema mimi, wangesema najitetea. Na wewe ungeshikwa kama mwizi mbele ya watoto. Nilitaka itoke kwa mdomo yako. Nikaiweka pahali utaona." Akaligusa kopo kwa kidole. "Nilidhani ni wiki moja tu, mwalimu."

Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Andika," alisema. "Pale uliandika maji, andika ile ilikuwa."

Tulikwenda pamoja hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Nililiweka kopo mezani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia viatu vya baba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mzee, umebaki na siku nne. Si ungeenda tu nyumbani?" Alisema kwa wema, nami nilikuwa nimejiambia maneno hayohayo kila siku ya mihula mitano. Nikamwomba daftari la stoo.

Mama Chebet amerudi maabara, kama unavyoona kila asubuhi. Mwalimu mkuu hakungoja bodi. Moshi umekwisha lakini kikohozi hakikurudi kilikotoka, na daktari wa Longisa hakumpa ahadi. Usimruhusu abebe ndoo iliyojaa. Vumbi la chaki lipanguse wewe mwenyewe kabla hajaingia. Akikuambia jambo kuhusu unyevu, acha unachofanya umsikilize, hata kama umeshika cheti. Unyevu wenyewe utaushinda kwa makopo yenye mifuniko inayobana na tone la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi, na droo za chini uziwekee vipuri vya plastiki tu.

Kopo la sita liache lilipo. Daftari liko droo ya kwanza, ufunguo wenye uzi mwekundu. Utaona ukurasa wa ekseli na beringi, wenye mwandiko mzuri. Nilipiga mstari mmoja juu ya maneno "maji ya kupiga deki," na kando yake nikaandika "chai yangu." Mama Chebet alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, akisoma polepole. Nilipoanza kurudia mstari uwe mzito, alinishika mkono.

"Wacha isomeke," alisema.

Nikaiacha, nikatia sahihi.